Cheti cha Kutokuwa na Nyumba

Serikali ilimtaka Shafii athibitishe jambo moja tu: kwamba hana nyumba. Kwa mtu mwingine pale Rumonge kazi hiyo ingekuwa nyepesi, maana wasio na nyumba ni wengi na wala hawajifichi. Lakini Shafii fundi cherehani alikuwa ametumia miaka kumi na mmoja ya ndoa yake kuthibitisha kinyume chake, na kwa bahati mbaya alikuwa ameifanya kazi hiyo vizuri sana.

Serikali ilikuwa ikiuza nyumba mpya, zilizojengwa upande wa Kizuka, pale michikichi inapoanza kubanana: vyumba vitatu, sebule, bati jipya, na choo ambacho mtu haendi na mwavuli. Mnunuzi angelipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka ishirini. Watu waliziita nyumba za Leta, kwa kuwa Leta, yaani serikali, ndiyo iliyozijenga. Sharti kubwa lilikuwa kwamba mnunuzi awe hajawahi kumiliki nyumba maishani mwake. Mtu wa tume ya komine, yaani halmashauri ya pale, angefika kwa kila mwombaji, angeuliza mbele ya majirani, na yeyote atakayeonekana ana nyumba angefutwa kwenye orodha hapohapo.

Shafii aliihitaji orodha hiyo kuliko alivyoyahitaji macho yake ya kutungia uzi. Mzee Melkiades, aliyekuwa akimpangisha, alikuwa ameshamwambia kwamba Ramadhani ikiisha anabomoa, anajenga ghala la mawese. Ilibaki miezi miwili na nusu. Baada ya hapo Shafii, mkewe Hadjara na watoto wao watatu wangekuwa barabarani na cherehani yao.

Kwamba Shafii ni mpangaji, mtaa mzima ulijua. Asiyejua alikuwa mtu mmoja, Bibi Esha wa Kabonga, mama yake Hadjara. Siku ya posa mama huyu alisema binti yake haendi kulala kwenye nyumba ya mtu, na Shafii, ambaye wakati huo hata pasi ya mkaa alikuwa akiazima, akajibu kwamba nyumba ipo. Hakusema ni ya nani. Mama mkwe akafurahi, akaja na mbuzi dume mkubwa, akataka yasomwe maulidi ya kuingia nyumba. Yakasomwa. Mbuzi akaliwa. Picha ikapigwa, Shafii kavaa kanzu nyeupe, kasimama mlangoni na ufunguo mkononi, na chini yake mpiga picha akaandika kwa herufi kubwa: MAULIDI YA KUINGIA NYUMBA YA SHAFII. Picha hiyo ilikuwa ukutani hadi leo, kwenye fremu ya dhahabu ya bandia.

Ili siri isifike Kabonga, Mzee Melkiades hakuwahi kuja kuchukua kodi waziwazi. Kila mwisho wa mwezi alileta suruali ipunguzwe, na keshoye suruali ilirudi kwake na kodi ndani ya mfuko. Lakini Shafii ni fundi mwaminifu, na suruali iliyoletwa kupunguzwa aliipunguza. Mzee alikuwa na suruali nne tu. Kufikia mwaka huu zote zilikuwa zimepanda hadi chini kidogo ya magoti, naye alizivaa hivyohivyo, akisema ni kwa ajili ya joto.

*

Mambo yalianza kuharibika siku Bibi Esha aliposhuka kwenye gari la mizigo kutoka Nyanza-Lac, karibu na Kabonga yake ya kando ya ziwa. Alisema amekuja kukaa siku tatu. Dereva akateremsha godoro, sanduku la bati, sufuria mbili, kuku mmoja aliyefungwa miguu, kisha kwa kusaidiwa na watu wawili akateremsha kinu na mchi wake.

"Mama, siku tatu na kinu?" Hadjara akauliza.

"Kwa hiyo unataka majani ya muhogo ya isombe yangu nitwange na meno?" Bibi Esha akajibu. "Kiingize ndani, kisipigwe na jua."

Shafii alisema "Karibu, Mama," huku akitazama chini, kama inavyompasa mkwe. Tangu aoe hakuwahi kumtazama mama huyu usoni, wala kula naye sahani moja, wala kumjibu zaidi ya "Ndiyo, Mama." Heshima hiyo ilimfaa, kwa sababu mtu asiyeongea hana haja ya kudanganya mara ya pili.

Siku tatu zikapita, ikapita wiki. Bibi Esha hakuzungumzia kuondoka. Alizungumzia nyumba. Alipita akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa milango, akainama kutazama msingi.

"Baba Tahira," akamwita mkwewe kwa jina la binti yake mkubwa. "Hii nyumba yako inazeeka, na wewe unaangalia tu. Mwanaume anapakaka nyumba yake chokaa kila mwaka."

"Ndiyo, Mama."

Basi Shafii akanunua chokaa. Siku mbili mfululizo alisimama juu ya stuli akipaka nyumba ambayo haikuwa yake na ambayo karibuni ingebomolewa, jasho na chokaa vikimwingia machoni. Mzee Melkiades alipita njiani, akasimama, akazitazama kuta zake zikiwa nyeupe pee bila yeye kutoa hata senti. "Kazi nzuri, fundi," akasema, akaenda zake.

Jioni ile Hadjara alimfuata mumewe penye cherehani.

"Watu wa komine banakuja siku ya ine," akasema kwa sauti ya chini. "Ni lazima Mama ajue."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Ni uongo wako."

"Tulidanganya wote wawili."

"Mimi niliukuta umeshakaa, nikaishi nao." Akavuta stuli, akakaa. "Nilijua wiki ya kwanza, Baba Tahira. Mwanaume gani anaomba ruhusa kwa mteja kabla ya kupigilia msumari?"

Wakakubaliana hivi: Alhamisi, ndiyo hiyo siku ya ine, asubuhi Bibi Esha atatumwa sokoni akatafute dagaa wa ndagala na mawese mazuri, na kwa jinsi anavyobishania bei hatarudi kabla ya adhuhuri. Ulikuwa mpango mzuri. Tume ikaja Jumatano.

*

Madamu Dusabe alishuka kwenye pikapu ya komine akiwa na faili kwapani na tope kwenye viatu, maana tangu asubuhi alikuwa ameshakagua watu tisa wasio na nyumba, na sita kati yao alikuta wanazo. Nyuma yake alikuja Abdoulkarim, mkuu wa nyumba kumi, akitembea polepole kama anayetamani asifike. Kabla Shafii hajashusha mguu kwenye cherehani, Bibi Esha alikuwa ameshafika mlangoni, kajifunga kitenge chake kipya.

"Amahoro, madamu! Karibu, karibu. Njo hii, ndiyo hii nyumba ya mukwe wangu."

"Murakoze, Mama," akasema Madamu Dusabe. Akasimama. "Nyumba ya nani?"

"Ya mukwe wangu. Shafii. Angalia chokaa, iko mupya."

Shafii akawafuata mlangoni. "Madamu," akasema, "Mama hapa ni mgeni..."

"Mugeni gani? Mimi nilikuwa siku inafunguliwa!"

Majirani wakaanza kusogea. Madamu Dusabe alifungua faili, akavaa miwani. "Bwana Shafii, kwenye dosiye yako umeandika huna nyumba, na hujawahi kuwa nayo."

Bibi Esha akacheka kicheko cha nguvu. "Hana nyumba? Mukwe wangu? Nani aliandika hivyo? Hao ni watu wa wivu, madamu, usibasikilize." Akaingia ndani kwa hatua mbili, akatoka na picha, akaifuta vumbi kwa upindo wa kitenge na kumkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

Madamu Dusabe akasoma maandishi kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akageuka. "Shefu, na wewe uko ndani ya hii picha. Umeshika kitabu."

Abdoulkarim akakohoa. Alijua vizuri kwamba Shafii ni mpangaji. Alijua pia kwamba mama mkwe amesimama hapo, na pale mtaani unaweza kumgombeza mwanaume, unaweza kumshtaki, hata kumkimbiza, lakini kumvua nguo mbele ya mama mkwe wake ni jambo ambalo mtu mwenye haya halifanyi. "Mimi nilisoma maulidi tu, madamu," akasema. "Nyumba iko ya nani, hiyo haikukuwa ndani ya kitabu."

"Iko ya Shafii!" akapaza sauti jirani mmoja, muuza ndagala, akimkonyeza Hadjara kumtoa wasiwasi.

"Ya Shafii, tena tangu zamani!" akadakia mwingine.

"Alijenga na mikono yake!"

Shafii aliwatazama. Walikuwa watu wema, wanamlindia heshima yake kwa moyo wote, na kwa kila neno walikuwa wanamtoa kwenye orodha. Angeweza kulia. Madamu Dusabe alishatoa kalamu, akaitembeza hadi kwenye jina lake. Hadjara akaweka mkono mdomoni.

"Mama," akasema Shafii.

Akainua macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja alimtazama mama mkwe wake usoni, akaona kwamba amezeeka, na kwamba Hadjara amechukua macho yake.

"Mama, hii nyumba si yangu. Sijawahi kuwa na nyumba. Ninapanga. Siku ya posa nilisema iko nyumba, sikusema ni yangu, na nilijua utaelewa vibaya. Chokaa hii nimepaka nyumba ya mtu. Hata msumari wa hiyo picha niliuombea ruhusa. Unisamehe, Mama. Niliogopa utaninyima Hadjara."

Bibi Esha alitafuta pa kukaa, akakiona kinu chake kando ya mlango, akakipindua na kukaa juu yake. Akaitazama ile chokaa mpya. Shafii alitamani amtukane.

"Pole sana," akasema Madamu Dusabe, na ilionekana kwamba anasema kweli. "Lakini kila mtu huwa anasema hivyo nikishatoa kalamu. Asubuhi mtu mmoja aliikana nyumba ya ghorofa. Nina picha, nina mashahidi. Kama unapanga, mwenye nyumba yuko wapi?"

Na hapo, kwa kuwa ilikuwa mwisho wa mwezi, Mzee Melkiades akatokea kwenye kona na suruali kwapani.

"Huyo hapo!" Hadjara akapiga kelele. "Muzee Melki, kuja! Waambie nyumba iko ya nani!"

Mzee akasimama. Akaitazama pikapu ya serikali. Akaitazama faili, na mhuri uliokuwa juu ya faili. Katika maisha yake hakuwahi kulipa kodi ya serikali kwa nyumba anayopangisha, wala kuitaja mahali popote penye mhuri.

"Mimi?" akasema. "Mimi niko muteja tu. Nimeleta suruali."

"Muzee Melki!" Shafii akalia.

"Unipunguzie vidole viwili."

Macho ya uwanja mzima yakashuka kwenye suruali aliyovaa, ambayo ilikuwa imebakiza kidogo sana cha kupunguzwa. Mtu akacheka, akajizuia. Madamu Dusabe akavua miwani, akajisugua macho.

"Bon. Fundi anasema si yake. Muzee anasema si yake. Kwenye daftari la komine kiwanja kiko kwa jina la marehemu mmoja. Sasa mimi niandike nini?"

Bibi Esha akasimama kutoka kwenye kinu.

"Kumbe nyumba haina mwenyewe?" akasema. "Basi madamu, andika mimi. Esha binti Radjabu, wa Kabonga. Mimi njo sina nyumba."

"Mama!" Hadjara akashtuka. "Na ile yako?"

"Ile yangu inakaa samaki." Alisema kwa sauti ileile ya kubishania bei, lakini mikono yake ilikuwa imekamata ncha za kitenge. "Ziwa lilikuja jikoni, nikahamia chumbani. Likaja chumbani, nikahamia kwa jirani. Na jirani naye akahama. Ukuta wa mbele ulianguka siku ya Ijumaa, niko naangalia. Nikasema nitaenda kwa mukwe wangu, yeye iko na nyumba, nitamwambia ni siku tatu, na siku tatu zikiisha Mungu atanipa neno lingine. Nilichookoa njo hiki kinu."

Hadjara alimwendea mama yake, akamshika mkono, akaanza kulia waziwazi mbele ya watu. Shafii alikumbuka jinsi mama mkwe alivyokuwa akizigonga zile kuta kwa kifundo cha kidole. Alikuwa amedhani anamchunguza yeye. Kumbe mama alikuwa akitafuta kujua kama kuta zitasimama.

Lakini Bibi Esha hakuwa amemaliza. "Andika, madamu. Nyumba iko nzuri, chokaa iko mupya, kinu changu kiko ndani tayari. Nitatia kidole wapi?"

Madamu Dusabe alimtazama, akamtazama Mzee Melkiades, akainamisha kichwa juu ya karatasi na kuanza kuandika, polepole sana, huku akitamka: "E... Esha..."

"Weee!" Suruali ikamdondoka Mzee Melkiades kutoka kwapani. "Acha kuandika! Nyumba iko yangu! Huyo marehemu iko baba yangu! Mimi nilisimamisha kila tofali ya hii nyumba, na Ramadhani ikiisha... eh, nitabomoa! Huyu fundi ananilipa miaka kumi na moja, anatiaka pesa ndani ya mufuko wa suruali!" Akaiokota suruali, akapindua mifuko yake nje kuwaonyesha watu, akakumbuka kwamba hii bado haijatiwa kodi, akairudisha haraka.

"Una hakika, muzee? Si wewe ni muteja?"

"Nitashuhudia! Lete karatasi! Nitashuhudia mara mbili!"

"Mara moja inatosha. Hapa."

Mzee akatia sahihi. Akabaki ameshika kalamu, akauliza kwa unyonge, "Na watu wa kodi, madamu?"

"Mimi ni wa nyumba, muzee. Wa kodi wana ofisi yao, na leo sikuwaona."

Abdoulkarim naye akatia sahihi, tena kwa mwandiko wa kujivunia, kama ambaye tangu mwanzo alikuwa na msimamo. Madamu Dusabe akapiga mhuri, akachana nakala, akampa Shafii: cheti kwamba bwana huyu hana nyumba wala hajawahi kuwa nayo. Shafii akakipokea kwa mikono miwili. Wale majirani waliokuwa wameapa kwamba alijenga kwa mikono yake wakampigia makofi.

*

Alasiri hiyo Bibi Esha alitwanga isombe nyuma ya nyumba kwa nguvu ambayo isombe haihitaji. Shafii alijaribu kukaa penye cherehani, akashindwa kushona hata kifungo, akaenda akasimama kando ya ukuta. Mchi ukaendelea kidogo, kisha ukanyamaza.

"Mbuzi wangu alikuwa mukubwa," akasema Bibi Esha bila kugeuka.

"Ndiyo, Mama."

"Nilimutoa Kabonga ndani ya mutumbwi. Alinitapikia."

"Ndiyo, Mama."

"Mukamukula kwenye nyumba ya mutu wa suruali."

Shafii aliona aibu ikimchoma hadi masikioni, na pamoja na aibu kitu kingine alichokuwa hajakizoea: alimpenda mwanamke huyu, ambaye kwa miaka yote alimwogopa tu.

"Na mimi nilidanganya," akasema Bibi Esha baadaye. "Siku tatu. Na kinu."

"Kaa, Mama. Usiondoke."

"Nikae wapi? Hata wewe huna mahali."

"Tutakosa pamoja."

Akamtazama mkwewe kutoka miguuni hadi kichwani. Kisha akaingia ndani, akatoa ile picha kwenye fremu ya dhahabu, akaikunja na kuitia sandukuni mwake, na ndani ya fremu akaweka cheti cha komine na mhuri wake. Akakitundika kwenye msumari uleule. Mzee Melkiades alipokuja mwezi uliofuata alikuja mikono mitupu, akagonga mlango wa mbele, akapewa chai na kodi yake mkononi, akaketi mbele ya cheti kile na magoti yake yote mawili nje.

*

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa komine siku tano kabla ya Idi, na mtaa mzima ukahamia huko kusukumana. Hadjara alitangulia mbele na watoto, akapotelea kwenye msongamano. Shafii na mama mkwe wake walikaribia kwa upande, hatua kwa hatua, yeye akimkingia viwiko vya watu. Bibi Esha hakujua kusoma, kwa hiyo Shafii alikishika kidole chake, jambo ambalo mwaka jana asingethubutu hata kuliota, akakipeleka chini taratibu kwenye majina hadi la kumi na saba.

"Njo hapa?"

"Njo hapa, Mama. Shafii mwana wa Alimasi, fundi cherehani."

Bibi Esha alikibonyeza kidole pale kwa nguvu, kama anayeogopa jina litatoka. Mbele huko Hadjara akawa ameliona pia, maana sauti yake ya vigelegele ilisikika hadi barabarani.

"Na hii namba ya mwisho?"

"Hiyo ni hesabu ya watu wa nyumba. Sita."

Bibi Esha akahesabu kwa vidole vya mkono wa pili. "Wewe. Hadjara. Batoto batatu. Hao ni batano. Bamekosea, nenda ubaambie kabla bajakufuta." Akahesabu tena. "Huyu wa sita ni nani?"

"Nilirudi komine siku ya pili baada ya kupewa cheti, nikamuongeza," akasema Shafii. "Wa sita ni yule aliyekuja na kinu."

Watu waliwasukuma kutoka nyuma, lakini Bibi Esha hakusogea. Akachukua upindo wa kitenge akajifuta uso wote, akapenga kamasi kwa sauti, akajitengeneza.

"Tutasoma maulidi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Lakini safari hii, mbuzi unatoa wewe."

"Ndiyo, Mama."